Taa ya infraredi ya kuwindia nguruwe usiku: namna ya kuichagua, kuifunga na kuilenga

Mwongozo huu ni wa anayewinda nguruwe mwitu usiku katika mashamba ya Texas kwa darubini ya usiku, na sasa anataka taa ya infraredi (mwanga ambao jicho halioni ila darubini ya usiku inauona) ya kufunga pembeni kwa sababu ile iliyojengewa ndani ya darubini inamwishia mita 60 au 70. Wasemaji wa Kiswahili si wachache tena Houston, Dallas na Fort Worth, na hata asiyekula kitimoto anaweza kuombwa na mwenye shamba aje asaidie. Kundi moja la nguruwe hawa hufuata mstari wa mahindi yaliyopandwa jana, likafukua punje moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa mstari, kisha likageuka na kuanza mstari wa pili. Si ngiri wala nguruwe pori wa kwetu. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioishia porini, na wengine wamechanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya.

Wauzaji hutangaza umbali: yadi 300, yadi 400, yadi 500. Huo ni umbali wa kuona kwamba kuna kitu. Wewe unahitaji umbali wa kujua ni kitu gani: nguruwe, ndama, mbwa wa jirani, au mtu aliyeinama akitengeneza uzio. Kila kipimo kinachofuata hapa kimepangwa kwa hesabu hiyo ya pili.

Sheria kabla ya pesa

Tangu tarehe 1 Septemba 2019, Texas haimdai mtu leseni ya uwindaji anapowinda nguruwe mwitu katika ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia. Usiku unaruhusiwa, na vifaa vya kuonea gizani pia. Kulungu ni habari nyingine: saa zake za kuwindwa huisha nusu saa baada ya jua kuzama. Kwa kuwa milio ya bunduki usiku kwenye eneo lenye kulungu humvuta askari wa wanyamapori, mpigie simu mapema, mwambie uko shamba gani na unawinda nini. Ardhi ya umma, kama misitu ya taifa, ina kanuni zake. Usiichukulie kama shamba la mtu.

Mwenye viza ya muda, mathalani mwanafunzi, ana jambo la ziada. Sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kushika bunduki, na moja ya njia za kuruhusiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hivyo ile leseni ambayo Texas haiitaki kwa nguruwe, yeye anaweza kuwa anaihitaji kwa ajili ya bunduki yenyewe. Aulize wakili kwanza.

Usivuke na kifaa hiki kuingia California. Huko sheria inaharamisha hata kumiliki kifaa cha bunduki kinachotupa mwanga wa infraredi ili mpigaji aone gizani. Na usifikirie kukileta nyumbani kwa uwindaji: Kenya imepiga marufuku uwindaji wa burudani tangu 1977. Kuitoa Marekani darubini ya bomba la kukuza mwanga la Gen 3 (kizazi cha tatu) bila kibali ni kosa kubwa, hata ukiwa umeinunua kihalali dukani.

Hatua ya 1: jua darubini yako ni ya aina gani

Wengi huanzia kwenye taa. Anza na darubini, kwa kuwa ndiyo inayoamua taa ipi itafaa.

Kama ni darubini ya joto, acha kusoma, huhitaji taa. Hiyo inapokea joto la mwili katika mawimbi yenye urefu wa nanomita 8,000 hadi 14,000, na taa ya nanomita 850 haiioni kabisa. Kuna watu hununua taa ya infraredi kwa ajili ya darubini ya joto wakidhani "infraredi ni infraredi", kisha wanairudisha dukani wakisema mbovu.

Kama ni ya kidijitali, yaani ina kihisi kama cha kamera na kioo kidogo ndani, basi taa ni nusu ya kifaa chako. Kihisi chake cha silikoni kinaona mpaka karibu nanomita 1,000, ila uwezo unapungua kadiri wimbi linavyorefuka. Darubini nyingi za namna hii usiku wa giza bila taa hazina kazi.

Kama ni ya bomba la kukuza mwanga, Gen 2 au Gen 3, ina uwezo wa kutumia mwanga wa nyota na mwezi, na taa ni msaada wa chini ya miti au usiku wenye mawingu mazito. Hapa kuna mtego: bomba la Gen 3 linapoteza uwezo ghafla linapokaribia nanomita 900. Ukilimulikia taa ya 940, utaona giza kana kwamba hukuwasha kitu.

Hatua ya 2: chagua urefu wa wimbi

Dukani utakutana na namba mbili zaidi ya nyingine zote: 850 na 940.

Taa ya 850 inaonekana vizuri na darubini ya kidijitali na ya bomba pia. Kasoro yake ni kwamba ukiitazama usoni, unaona doa jekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzima. Mwanga unaokwenda shambani hauonekani. Kinachoonekana ni uso wa taa tu, na kwa anayetazama upande wake tu.

Taa ya 940 haina doa hilo kwa jicho la kawaida. Gharama yake ni umbali. Kihisi cha kidijitali kinaipokea kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo kwa taa za nguvu sawa, tegemea kupoteza theluthi moja hadi nusu ya umbali uliokuwa nao kwa 850.

Kwa nguruwe, nunua 850. Jicho lake lina aina mbili tu za seli za rangi, zenye upeo kwenye nanomita 439 na 556, kwa hiyo wekundu wa mwisho kabisa ni dhaifu mno kwake. Nguruwe hukimbia kwa sababu upepo umempelekea harufu yako, au umekanyaga kijiti. Koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, ni mwerevu zaidi kwa mwanga, hasa katika mashamba ambako amekwisha kukoswakoswa akimulikwa. Kwake 940 ina maana, ukiwa na darubini ya kidijitali na mapigo ya karibu.

Kuna pia za 810 na za karibu na 915. Ya 810 huwapendeza wenye mabomba, ingawa doa lake jekundu ni kali. Hizo za karibu na 915 ni maridhiano, na kwa kawaida si za mnunuzi wa kwanza.

Hatua ya 3: pima shamba lako

Nenda mchana. Simama pale utakapokaa usiku na upime kwa kipima umbali cha leza mpaka kwenye kilishio cha mahindi, ukingo wa msitu, kona ya uzio, na pale nyuma ambapo risasi itaishia ukikosa. Kama kipima umbali huna, hesabu hatua. Maduka ya Marekani huandika yadi. Yadi 100 ni mita 91.

Andika namba mbili: umbali wa kawaida wa kupiga, na umbali wa mbali kabisa ambao una uhakika wa kupiga kwa heshima, mnyama afe papo hapo. Kwa wengi ni mita 80 hadi 100 na mita 150. Taa itakayokufaa ni ile itakayokuonyesha masikio, miguu na mkia kwenye namba ya pili. Ikiwa tangazo la muuzaji ndilo pekee ulilo nalo, gawanya umbali wake kwa tatu. Hesabu hiyo ni ya kienyeji, lakini mara chache huaibisha.

Ukiwa hapo hapo, funga vipande vya utepe unaong'aa kwenye fito kwa mita 50, 100 na 150. Usiku kupitia darubini umbali hudanganya sana: nguruwe mdogo wa karibu na dume la mbali hulingana.

Hatua ya 4: upana wa mwale kwanza, wati baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Mnyama akiwa mita 200 badala ya 100, anapata robo ya mwanga, si nusu. Kufikia umbali maradufu kwa kuongeza nguvu peke yake unahitaji nguvu mara nne, na betri itakulilia. Lakini mwale ukiubana kwa nusu ya upana, mwanga uleule unaangukia robo ya eneo, na umefanya kazi ileile bila kuongeza hata wati moja.

Chukua taa inayotoa wati 1.3 za mwanga. Kwa mwale wa digrii 10, ikifika mita 100 duara lake lina upana wa mita 17 na nusu. Ibane mpaka digrii 3, duara linakuwa mita 5.2. Kwenye karatasi, mwanga juu ya mnyama umeongezeka mara 11. Kiutendaji unapata pungufu ya hapo, kwa kuwa ukisogeza lenzi mbele kubana mwale, sehemu ya mwanga inapotelea kwenye kuta za ndani za taa. Bado hakuna wati za kununua zinazokupa faida kama hiyo.

Hesabu ya haraka ya upana: zidisha digrii kwa umbali wa mita, kisha kwa 0.0175.

Mwale unaweza kubanwa kiasi gani? Inategemea vitu viwili: ukubwa wa chipu ya ledi (LED) na umbali wa fokasi wa lenzi. Chipu ya milimita 1 nyuma ya lenzi yenye fokasi ya milimita 25 inatoa mraba wa mita 4 kwa umbali wa mita 100. Lenzi ya fokasi ya milimita 40, chipu ileile, inatoa mita 2 na nusu. Ndiyo maana taa za kwenda mbali zina vichwa vikubwa, vya kipenyo cha milimita 50 au 67, na zile za lenzi ya milimita 20 haziwezi kufika huko hata ziandikwe wati ngapi. Na ukiona mraba mweupe katikati ya picha yako, wenye vijistari vyembamba, usishtuke. Hiyo ni sura ya chipu yenyewe imetupwa shambani. Legeza lenzi kidogo tu mraba upotee.

Kichwa kikubwa nacho kina bei yake: uzito mbele ya bunduki, na kivuli cha pipa la bunduki kama kimekaa vibaya. Kwa shamba la mita 150, kichwa cha milimita 38 au 50 kinatosha. Cha milimita 67 kiachie wanaopiga nyanda wazi za kaskazini ya jimbo.

Linganisha mwale na upeo wa kuona wa darubini. Ikiwa darubini inaonyesha upana wa mita 12 kwa mita 100, mwale wa mita 2 utakupa tundu la mwanga katikati ya giza, na nguruwe watano wa pembeni hutawaona. Unachotaka ni taa inayozoomu: pana ya kutazama kundi, nyembamba ya kuthibitisha mmoja. Zoomu ya kuzungusha kwa skrubu hukaa ilipowekwa. Ile ya kuvuta na kusukuma husogea kwa mtikiso wa risasi.

Sasa wati. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni sehemu yake tu. Ledi nzuri ya 850, kama Osram SFH 4715AS, inatoa karibu wati 1.3 za mwanga kwa ampea 1. Muuzaji akikutajia wati 10 kwenye taa ya betri moja yenye ukubwa wa kidole, muulize chipu gani na ampea ngapi. Asipojua, umepata jibu.

Hatua ya 5: ledi au leza

Ledi ni rahisi, hudumu, na mwale wake unavumilia makosa ya kulenga. Kwa mita 150 na kurudi, chukua ledi.

Leza za kisasa za aina ya VCSEL hutoa duara safi lenye kingo kali, hula umeme kidogo, na hufika mbali kwa kichwa kidogo. Leza za zamani hutupa picha yenye chembechembe zinazochemka kama uji. Usizinunue kwa sababu ya bei.

Tofauti kubwa ni ya jicho la binadamu. Mwanga unaoonekana ukikuchoma, unapepesa na mboni inajifunga. Infraredi haionekani, hupepesi, na mboni yako gizani imefunguka mpaka milimita 7. Soma lebo ya daraja la usalama kwenye mwili wa leza: daraja la 1 ndilo la kutafuta, na daraja la 3B usiliguse. Leza isiyo na lebo yoyote irudishe. Hata ledi yenye lenzi kubwa usiitazame usoni kwa karibu eti unakagua kama inawaka. Ikague kwa kamera ya mbele ya simu, ambayo mara nyingi huona infraredi kama zambarau nyeupe, huku taa imeelekezwa ukutani.

Hatua ya 6: betri, swichi na kipunguza mwanga

Taa nyingi hutumia betri ya 18650. Betri ya kweli ya ukubwa huo ina kati ya mAh 2,500 na 3,600 na uzito wa gramu 45 hadi 50. Iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu. Ipime kwenye mizani ya jikoni, nyingine hazifiki gramu 35. Kwa taa inayovuta ampea 1, betri ya mAh 3,000 itakupa karibu saa mbili na nusu, na pungufu usiku wa Januari wenye baridi. Beba mbili za akiba, kila moja ndani ya kasha la plastiki. Betri huru mfukoni pamoja na funguo ni moto unaosubiri.

Betri zenye saketi ya kinga ni ndefu kwa milimita 2 hadi 4. Zikigoma kuingia usizikandamize. Taa hiyo ilitengenezwa kwa zile fupi.

Swichi ya mkiani inayolia "tak" imefukuza nguruwe wengi kuliko doa jekundu. Chagua ya kitufe laini, au yenye waya wa kufunga karibu na kidole. Kataa taa inayopitia mwanga mkubwa, mdogo, na kumetameta kila unapobonyeza: usiku mmoja utabonyeza vibaya na picha yako itaanza kuruka kama disko mnyama akiwa amesimama.

Kipunguza mwanga cha kuzungusha ni lazima, kwangu hakina mjadala. Taa isiyopungua inakufaa kwa umbali mmoja tu. Kipime kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha: punguza mwanga mpaka chini ukiangalia kwenye darubini. Ukiona mistari ya giza inatambaa juu ya picha, taa inapunguza kwa kuwaka na kuzima haraka, na kasi yake ni ndogo kwa kihisi chako. Irudishe.

Hatua ya 7: kuifunga

Bunduki iwe tupu, bolti nje, risasi chumba kingine.

Usiifunge taa kwenye pipa. Gramu 300 kwenye pipa hubadilisha mtetemo wake, na shabaha yako iliyokuwa imekaa sawa inahama. Ifunge kwenye reli ya Picatinny ya kitako cha mbele au juu ya darubini, kwa pete yenye skrubu za kurekebisha juu-chini na kushoto-kulia. Pete isiyorekebika itakulazimisha kuweka vipande vya karatasi chini yake, na karatasi hulegea.

Kaza skrubu za pete kwa kipimo cha newtonimita 1.7 hadi 2, au namba ya mtengenezaji kama ipo. Kaza kwa zamu, kidogokidogo, upande huu na ule. Mwili wa taa ni alumini nyembamba. Ukiubana mno unakuwa yai na betri haitoki tena.

Sasa tazama kinachokaa mbele ya lenzi. Kama bunduki ina kizuia mlio, mwale wa taa iliyo juu karibu na pipa utakigonga, nacho kitang'aa kama bulbu chini ya picha. Darubini itajibu kwa kupunguza mwanga wote, na shamba litazama gizani. Dawa ni kusogeza taa mbele zaidi, au kuihamishia ubavuni. Wengine huvika kizuia mlio kitambaa cheusi, lakini rangi nyingi za viwandani zilizo nyeusi kwa jicho huonekana kijivu kipauke kwenye infraredi. Kijaribu kwa darubini kabla ya kukiamini. Kitambaa pia kistahimili joto, maana kizuia mlio huchemka.

Baada ya kufunga, piga risasi tatu za kuhakiki shabaha mchana. Uzito mpya juu ya darubini unatosha kuihamisha.

Hatua ya 8: kuulenga mwale

Kazi hii hufanyika usiku, bunduki ikiwa tupu juu ya mifuko ya mchanga, imeelekezwa kwenye tuta la udongo.

Simamisha fito yenye kipande cha utepe unaong'aa kwa mita 100. Weka darubini kwenye moda ya usiku. Wengi hukwama hapa: moda ya mchana ina kichujio kinachozuia infraredi, na mtu hukaa dakika ishirini akilaumu betri. Washa taa ikiwa pana na mwanga wa chini. Weka msalaba wa shabaha kwenye utepe. Bana mwale taratibu. Duara litakimbilia upande mmoja. Tumia skrubu za pete kulirudisha katikati, bana tena, rudisha tena, mpaka mwale mwembamba kabisa umekaa juu ya msalaba. Hamishia fito mita 150 na uhakiki.

Taa iliyo sentimita 6 juu ya darubini haihitaji hesabu yoyote ya ziada kwa umbali huu, kwa kuwa duara ni kubwa mno kuliko hizo sentimita. Ila kwa mita 10 hadi 15 mwale mwembamba ni duara dogo tu, lililokaa juu kidogo ya msalaba. Kwa karibu, fungua mwale.

Ikihama baada ya risasi kadhaa, chunguza pete kwanza. Ikizimika pale pale risasi inapotoka kisha ikawaka tena kwa mwanga mdogo, tatizo ni chemchemi ya betri: mtikiso unaisukuma betri nyuma, umeme unakatika nukta moja, saketi inaanza upya. Taa zenye chemchemi pande zote mbili hazina ugonjwa huu.

Usiku wa ukungu, vumbi na majani

Picha nyeupe yote kama maziwa ni mwanga wako mwenyewe unakurudia kutoka kwenye ukungu, mvua ya rasharasha au vumbi la trekta. Kuongeza nguvu ni kama kuwasha taa kubwa za gari kwenye ukungu. Punguza nguvu, bana mwale, na ikiwezekana mwenzako ashike taa mita kadhaa pembeni yako. Isiposaidia, rudini nyumbani.

Majani ya karibu huleta shida inayofanana. Mmea hai hurudisha karibu nusu ya infraredi ya karibu, ndiyo maana nyasi mbichi huonekana kama theluji. Shina moja la nyasi mita 3 mbele ya lenzi linatosha kuifanya darubini ijifunge. Inua bunduki juu ya mstari wa nyasi au fyeka mbele yako mchana. Na usimulike kupitia kioo cha gari, hata kiwe safi.

Taa ikiwa moto mkononi baada ya nusu saa, hiyo ni kawaida kwa ampea 1 na zaidi, lakini mwanga hushuka joto linapopanda. Izime unaposubiri. Tafuta wanyama kwa darubini ya mkononi yenye taa yake. Bunduki isitumike kamwe kama darubini ya kutafutia, kwa sababu kila unachokitazama kwa bunduki umeshakielekezea mdomo wa bunduki kabla hujakijua.

Kusoma macho

Mwishowe taa nzuri itakuonyesha macho, na hapo pana kosa ambalo wazoefu nao hulifanya. Kulungu, ng'ombe, mbuzi, mbwa, koyote na rakuni wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, kwa hiyo macho yao huwaka kama taa za baiskeli. Nguruwe hana utando huo. Macho yake hutoa mng'ao hafifu, na mara nyingi huoni kitu. Mwindaji huzoea haraka: macho yanawaka, si nguruwe, acha; macho hayawaki, ni nguruwe, piga.

Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo ni ya kweli. Nusu ya pili ni ya hatari, kwa sababu binadamu naye hana utando huo. Mtu aliyechuchumaa kwenye mahindi akifunga bomba la maji ataonekana kwa mita 150 kama kiwiliwili cha kijivu kisicho na macho, kimo chake sawa na cha dume la nguruwe. Subiri mpaka kitu kitembee. Fungua mwale uone kilicho pembeni na nyuma yake, ubane tena, na uhesabu miguu minne kabla kidole hakijaingia kwenye kifyatulio.